Kiti Kando ya Spika

Nchi ya Vumilia usiitafute kwenye ramani, utachoka bure. Wachoraji ramani waliambiwa waache nafasi wazi mpaka Mtukufu Kiongozi aamue nchi yake ina umbo gani, na Mtukufu ana shughuli nyingi. Wewe jua tu kwamba ipo, ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko barabara za lami, na ina Wizara ya Sauti, Kelele na Mambo Yanayofanana na Hayo. Ukisoma ukaona inafanana na nchi unayoifahamu, hilo ni baina yako na nchi yako.

Wavumilia wana desturi moja ambayo hata serikali haijafaulu kuiharibu. Hawasikilizi wimbo bure. Wimbo ukikuingia, unainuka kitini, unakwenda mbele taratibu kwa madaha, mkono juu, noti kati ya vidole, unamtunza mwimbaji. Naye anaipokea noti kwa mkono wake na kulitaja jina lako pale pale katikati ya ubeti, ukumbi mzima usikie, hasa yule mliyenuniana. Na kuna mambo mawili yasiyofanyika: mwimbaji hakatai tunzo, na mkono uliokwisha kunyooshwa na noti haurudi na noti yake. Haijawahi kutokea, na hakuna aliyetaka kujua ingekuwaje ikitokea.

Katika nchi hiyo aliishi Bi Nunuu Haji, mwimbaji wa kikundi cha Nuru ya Mtaa wa Pili. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake na subira ndogo kuliko jina la nchi yake. Wimbo wake "Umekalia Changu" uliimbwa na kila aliyewahi kudhulumiwa, yaani nchi nzima. Nyuma yake alikaa Mzee Dadi, mpiga kodiani, mtu asiyesema sana kwa sababu alikuwa na kodiani ya kumsemea.

Kisha ikaja kampuni ya Kijito.

Ilikuja na jambo rahisi. Nyimbo zote za nchi ziwekwe kwenye simu, mtu abonyeze, asikilize. Mwenye uwezo alipie kwa mwezi, asiye na uwezo asikilize matangazo ya sabuni katikati. Siku ya uzinduzi Waziri wa Sauti, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Lwitiko Ndomba, alisimama jukwaani akafuta jasho ambalo lilikuwa bado halijatoka.

"Ndugu wananchi," alisema, "zamani wimbo ulikaa mdomoni mwa mtu mmoja. Huo ulikuwa ubinafsi. Kuanzia leo wimbo utakaa hewani, na hewa, kama mnavyojua, iko chini ya wizara yangu."

Watu walipiga makofi. Wanamuziki waliletewa mkataba mnene, na mmoja wao alipouliza kama wanaweza kwenda nao nyumbani wakausome, Waziri aliwaondolea usumbufu.

"Nimeshausoma mimi kwa niaba yenu," alisema. "Jalada lote."

Wakatia sahihi.

Malipo ya kwanza yalitolewa kwa sherehe. Bi Nunuu alipandishwa jukwaani, akakabidhiwa hundi ya mfano, ile ya kadibodi, ndefu kama kitanda cha mtoto, akapigwa picha akiwa ameikumbatia. Fedha iliyoandikwa juu yake ilitosha kitoweo cha siku mbili, ikiwa siku ya pili mtakula mchuzi mtupu. Lakini kadibodi yenyewe ilikuwa nzuri, nene, imepakwa nta. Bi Nunuu aliigongomea kwenye dirisha la jikoni lililokuwa likiingiza mvua, na hayo yakabaki kuwa manufaa makubwa aliyowahi kuyapata kwa Kijito. Mzee Dadi naye alipewa ya kwake, ndogo zaidi, haikuziba kitu.

Mambo yakageuka upesi. Mwenye harusi alipiga hesabu ya kukodi kikundi kizima, wenye matumbo na nauli, akaona simu na spika havili pilau. Nuru ya Mtaa wa Pili haikualikwa tena popote, ingawa "Umekalia Changu" ulialikwa kila mahali. Mzee Dadi alipokosa hata pa kukopa unga, aliichukua kodiani yake akaiweka rehani kwa Shangwe, muuza magodoro.

Shangwe hakuwa mtu mbaya, alikuwa mfanyabiashara. Alisema atasubiri mpaka harusi ya binti wa Mtukufu ipite. Baada ya hapo ataiuza kodiani kwa hoteli ya watalii, ambayo ilitaka kuitundika ukutani mapokezi, baina ya ungo na kasia, wageni waone utamaduni.

Habari hiyo ilimkata Bi Nunuu maini. Sauti yake na kodiani ile vilikua pamoja. Alijua mahali ambapo Dadi angevuta pumzi kabla hajaivuta. Kodiani ikitundikwa ukutani, yeye pia atakuwa ametundikwa. Alilisema hilo wazi kwa jirani zake, akalia kidogo, akajifuta kwa upindo wa kanga, kisha akakasirika, na hasira ilimkaa vizuri zaidi.

Haukupita muda, akaalikwa harusi ya mtaani, kama jirani, yaani kumenya vitunguu saumu. Akiwa jikoni akasikia sauti yake mwenyewe ikiimba ukumbini. Akatoka na kisu mkononi kuchungulia.

Alichokiona kilikuwa hivi. Wanawake walikuwa wakiinuka mmoja mmoja, kwa madaha, mkono juu, noti kati ya vidole, wakimtunza spika. Wavumilia wamelelewa vizuri. Wimbo umewaingia, watafanyaje? Walikuwa wakiziweka noti juu ya spika, na pembeni alisimama mtu mwenye fulana ya Kijito akizikusanya kwenye kapu. Kampuni ilikwisha kutoa tamko kwamba malipo yoyote ya hisani yaliyotua juu ya huduma ni mali ya mtoa huduma.

Akainuka Bi Mgeni Vidani. Huyu alikuwa malkia wa kutunza mji mzima, mwanamke ambaye mwimbaji akilikosea jina lake hulala na homa. Tena alikuwa mama mzazi wa Almasi, Mkurugenzi Mkaazi wa Kijito. Bi Mgeni alikwenda mbele akizunguka kiuno polepole, akaweka noti juu ya spika, akasimama akingoja jina lake.

Spika ikanyamaza. Kisha ikasema, kwa sauti ya mwanamke mchangamfu, "Asante kwa kuchagua sabuni ya Povu, fahari ya choo chako."

Kuna watu walitazama sakafu. Bi Mgeni alirudi kitini amekunja midomo, akameza aibu yake kwa ajili ya mwanawe. Bi Nunuu alirudi jikoni, lakini vitunguu saumu vya siku ile vilikatwa vidogo sana.

Wanamuziki walikuwa wamekwisha kujaribu kudai haki yao kwa njia zinazokubalika. Kwanza chama chao kiligoma: hakuna kuimba nchi nzima. Mgomo ulifana sana, hakuna aliyevunja, na hakuna aliyeutambua, maana nyimbo ziliendelea kuimba zenyewe. Kisha wakaomba kibali cha kuandamana. Wizara iliwapa kibali cha maandamano yasiyo na sauti, bango wala miguu mingi. Mwisho wakatunga wimbo mkali wa kuitukana Kijito. Wimbo ulipendwa kuliko nyimbo zote za mwaka ule, na Kijito ikawaandikia barua ya pongezi, ikauwekea tangazo refu la sabuni mwanzoni.

Mwenyekiti wa chama aliitisha kikao cha kujadili kukata tamaa. Bi Nunuu aliingia akiwa amechelewa, harufu ya vitunguu saumu ikimtangulia.

"Nina swali," alisema. "Wimbo wangu ukialikwa harusini, mimi nimealikwa au sikualikwa?"

Watu wakatazamana.

"Kisheria?" akauliza Mwenyekiti.

"Sheria mwachie Ndomba na majalada yake. Nauliza kidesturi, kama watu tuliolelewa."

Mzee Dadi, ambaye hakuwa amezungumza chamani tangu alipojiunga, alikohoa. "Umealikwa," alisema.

"Basi tumekuwa tukikosa adabu," akasema Bi Nunuu. "Tunaalikwa kila siku hatuendi."

Jumamosi iliyofuata alivaa dera lake la maua mekundu, akajifukiza udi, akajitia wanja, akabeba kiti chake cha mbao na kwenda kwenye harusi asiyoijua. "Umekalia Changu" ulipoanza, aliweka kiti kando ya spika, akaketi, akakunja mikono mapajani, akafunga mdomo. Hakuimba, hakuomba, hakumsema mtu. Alikaa tu akiwatazama, kama mgeni anayengoja chakula ambacho kinaonekana kimeiva.

Jaribu wewe kumtunza spika huku mwenye wimbo anakutazama. Mwanamke wa kwanza alifika mbele, akasita, akajifanya anatafuta kiatu. Wa pili alirudi kitini akisema amepatwa na kizunguzungu. Mtu wa Kijito alibaki na kapu tupu. Wimbo ulipokwisha Bi Nunuu aliinuka, akawatakia maharusi heri na wana wema, akabeba kiti chake.

Wenzake wakaiga. Mpiga gitaa mmoja, ambaye wimbo wake ulipigwa kwenye simu ya benki wateja wakingojeshwa, alikwenda kuketi ndani ya benki, kwenye chumba cha kupokelea simu, na kila mpokea simu akawa anaanza kwa kuomba radhi. Kijana wa muziki wa kufokafoka aliketi kwenye ukumbi wa mazoezi mpaka watu wakashindwa kunyanyua vyuma. Muuza nyama wa Mtaa wa Tano aliyezoea kupiga nyimbo za dini aliinua macho akakuta kwaya nzima imeingia buchani na majoho yake, sauti ya kwanza mpaka ya nne, wamejipanga kati ya maini na mbavu, kimya. Wanamuziki waliokwisha kufariki waliwakilishwa na wajane, na hao ndio waliokuwa wakali wa kutazama.

Wizara ilishtuka. Mkuu wa Polisi aliagizwa awakamate, akaomba aambiwe kosa. Wanasheria walipekua vitabu wakakuta kukimbia ni kosa, kukusanyika ni kosa, kulala mahali pa wazi ni kosa, lakini kukaa hakukuwa kumefikiriwa. Waziri Ndomba alizungumza na taifa.

"Serikali haipingi kukaa," alisema. "Hata mimi nimekaa hapa nikizungumza nanyi. Tunachopinga ni kukaa kwa nia."

Kijito, kwa upande wake, haikutikisika. Noti za kwenye kapu zilikuwa kachumbari tu kwake. Pilau lilitoka kwa wauza sabuni. Almasi alitangaza kwamba kampuni inawathamini wasanii na inatafakari kuwapa viti vyenye nembo.

Wiki ya harusi ya Ikulu ikawadia, na kodiani ilikuwa bado imelala chini ya magodoro ya Shangwe. Mtu wa hoteli alikwisha kuja kupima ukuta.

Harusi ilifanyika Ukumbi wa Taifa. Kijito ilidhamini muziki wote na kuleta spika kubwa kama ghala la mahindi. Bi Nunuu alifika mlangoni na dera lake, udi wake na kiti chake. Askari akamzuia.

"Kadi yako, mama."

"Wimbo wangu umeingia?"

"Wimbo gani?"

"'Umekalia Changu.'"

Askari alitazama ratiba. "Upo. Baada ya keki."

"Basi nami niko baada ya keki, mwanangu. Nipishe nikakae mapema."

Askari alifikiri, hakuona dosari, akampisha. Tena alimbebea kiti.

Keki ikakatwa, wimbo ukaanza. Bi Nunuu alikuwa amekwisha kuketi kando ya ghala lile, mikono mapajani. Ukumbi ulijaa mabalozi, majenerali na wake zao, na hakuna aliyeinuka. Ndipo Mtukufu Kiongozi mwenyewe akasimama. Mtukufu alipenda kusikia jina lake. Lilikuwa limeandikwa kwenye uwanja wa ndege, hospitali, soko na aina mbili za mbolea, lakini halijawahi kuimbwa ndani ya "Umekalia Changu". Mpambe wake alimpa noti mpya. Mtukufu alikwenda mbele kwa madaha ya kiserikali, kamera zote zikimfuata, taifa zima likitazama. Alipita spika kama haioni. Akasimama mbele ya Bi Nunuu, akanyoosha mkono.

Bi Nunuu hakuinua mikono yake.

Alikuwa na hofu kweli kweli, na hakuna haja ya kuificha. Alimfikiria Dadi, ambaye tangu aiweke rehani kodiani alikuwa akitembea na mikono imekunjwa kifuani, kama bado ameipakata.

"Mtukufu, nashukuru," alisema. "Lakini leo sipokei tunzo."

Waliokuwa wakila keki waliacha kutafuna.

"Tunzo ni hiari," akaendelea. "Mtu akifurahi anatoa, asipofurahi basi. Mimi nadai ujira. Wimbo wangu unafanya kazi nchi nzima usiku na mchana, hauna hata siku ya kuugua, na mwajiri wake ni yule pale mwenye suti ya kijivu. Akinilipa ujira wangu, tunzo yako nitaipokea kwa mikono miwili na jina nitalitaja."

Watu wote wakamgeukia Almasi.

Mtukufu alibaki pale, mkono mbele. Kuurudisha na noti hakuwezi. Hata yeye alikuwa Mvumilia, na mama yake alikuwa ameketi safu ya mbele. Kuiacha noti ianguke ilikuwa mbaya zaidi, maana ina picha yake.

"Ndomba," alinong'ona bila kusogeza midomo, "nifanye nini?"

"Endelea kunyoosha, Mtukufu," alisema Waziri. "Unanyoosha vizuri sana."

Televisheni ya Taifa ilitaka kukata matangazo, lakini sheria inakataza kumwondoa Mtukufu kwenye kioo kabla hajamaliza, naye hakuwa amemaliza. Wimbo uliisha, ukaanza tena. Mkono ulipoanza kutetemeka, Waziri alipiga magoti akaushikilia kwenye kiwiko, na Katibu wa Itifaki akaleta mto.

Almasi alikuwa ametoka mbio mpaka kona ya ukumbi kuwapigia simu wakubwa wake wa ng'ambo. Walimwambia asubiri kidogo. Alipokuwa akisubiri wakampigia muziki, na muziki wenyewe ulikuwa "Umekalia Changu". Alisikilizwa na ukumbi wote akisema "halo" mara nyingi.

Bi Mgeni Vidani aliinuka. Hakucheza safari hii. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa mwanawe, akamtoa simu sikioni.

"Almasi, baba," alisema kwa upole uliosikika mpaka jikoni. "Mimi mama yako nimetajiwa sabuni ya choo mbele za watu, nikanyamaza kwa ajili yako. Leo unamnyooshesha mkono Mkuu wa Nchi kama mwomba chumvi. Mlipe mwenzio tukale."

Almasi alimtazama mama yake, akautazama mkono wa Mtukufu, akaomba kalamu. Mkataba uliandikwa nyuma ya kadi ya harusi. Kila wimbo ukilipiwa na wauza sabuni, mwenye wimbo apate nusu, kila mwezi, bila kadibodi.

"Andika wote," akasema Bi Nunuu kutoka kitini. "Si mimi peke yangu. Na wajane."

Akaandika wote, na wajane. Bi Nunuu hakutaka kuusoma mwenyewe. Alitaka Bi Mgeni ausome kwa kipaza sauti, neno kwa neno, ukumbi na taifa lisikie, kisha Almasi akatia sahihi. Hapo ndipo Bi Nunuu aliposimama, akaipokea noti ya Mtukufu kwa mikono miwili, akaimba jina lake kwa sauti iliyoifanya spika ionekane kama kopo. Mtukufu alitabasamu. Mkono haukushuka mpaka kesho yake.

Unadhani Bi Nunuu alikamatwa. Asubuhi magazeti yaliandika kwamba Mtukufu amesimama kidete kuwatetea wasanii, na kwa kuwa kusimama alisimama kweli, hakuna aliyeweza kukanusha wala kumkamata mtu. Ndomba alieleza kwamba mpango mzima ulibuniwa na wizara yake. Katikati ya mji pamejengwa sanamu ya Mtukufu amenyoosha mkono, na kunguru wanaitumia vizuri. Bungeni ilipitishwa haraka sheria inayokataza mwimbaji kukataa tunzo ya kiongozi, na viongozi, kwa tahadhari, wameacha kabisa kutunza.

Fedha ya mwezi wa kwanza ilipoingia, Bi Nunuu na Mzee Dadi walikwenda dukani kwa Shangwe. Kodiani ilitolewa chini ya magodoro, imebonyea kidogo upande mmoja. Mzee Dadi aliivaa pale pale, akaivuta mara moja, ikatoa sauti ya mtu aliyeamshwa vibaya. Bi Nunuu alilia tena, safari hii bila kukasirika, na Shangwe akajifanya anapanga mito.

Miezi kadhaa ilikwenda vizuri. Kisha mwezi mmoja fedha haikuingia. Kijito iliwatumia wanamuziki ujumbe kwamba kuna hitilafu ndogo ya mtandao, wawe wavumilivu, wataalamu wanaishughulikia.

Bi Nunuu aliusoma ujumbe ule akiwa jikoni. Hakumpigia mtu simu wala hakwenda chamani. Alichukua kiti chake cha mbao, akakitoa nje, akakiweka mbele ya mlango mahali ambapo mtaa mzima unapita, akaanza kukifuta vumbi.

Hakuwa amefika kwenye miguu ya kiti, fedha ikaingia.